Maji Meupe ya Bwana Mkubwa

Harufu ilimpokea Koplo Pua mlangoni, kabla mlinzi hajamuuliza anakwenda wapi. Harufu ya hospitali, ile ya dawa na jasho la wagonjwa, mtu huizoea. Hii ilikuwa ya kitu kilichooza, kikafunikwa, kikaoza tena. Ilipanda puani, ikashuka kooni, ikakaa pale kama mate ya mtu mwingine.

Jina la Pua hakupewa na mama yake. Alipachikwa na wenzake wa idara ya upelelezi, kwa kuwa kila alipofika kwenye tukio alinusa kwanza, maswali baadaye. Siku hiyo alitamani wangemwita Sikio.

Katikati ya ukumbi wa mapokezi, mahali ambapo zamani wagonjwa walikaa wakisubiri kuitwa, lilisimama tangi la kioo refu kama jeneza la mtu mzima. Maji yake yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, mazito, huoni upande wa pili. Mara moja moja samaki wa rangi ya chungwa alijitokeza kwenye kioo, akatweta mdomo wazi, akamezwa tena na ukungu. Wengine walielea juu matumbo nje, macho yamevimba, na mmoja alikuwa ameanza kumomonyoka ubavuni. Wagonjwa walikuwa wameegemea ukuta, sakafuni, wameziba pua kwa vitambaa.

"Umeona?" alifoka Mkurugenzi wa hospitali. Watu wake walimwita Bwana Mkubwa, na yeye aliitika. "Umeona unyama huu? Mgeni rasmi anaingia saa nane kuuzindua ukumbi. Nimemwahidi tangi la samaki. Nimzindulishe nini sasa, supu?"

Sekretari wake alicheka, akaona hakuna anayecheka, akakikunja kile kicheko akakificha.

"Unamshuku nani, mkuu?" aliuliza Pua.

"Simshuku, namjua. Mfagiaji. Ametia sabuni ya unga. Ana kinyongo na mimi tangu nilipomnyima ruhusa ya kwenda kumzika kaka yake."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja saa.

Pua alikuwa amelisikia jambo hilo kituoni asubuhi, kwa njia nyingine. Mkuu wa kituo alimwambia: "Nenda kachukue maelezo, mwanamke akiri, kesho afikishwe mahakamani. Usiende kunifanyia upelelezi." Miezi mingapi Pua ameomba gari afuatilie dawa za wagonjwa zinazoibwa katika hospitali hiyo hiyo, akaambiwa gari bovu, mafuta hakuna, dereva anaumwa. Leo, kwa ajili ya samaki, gari limepona, mafuta yamejaa, na dereva amenyoa ndevu. Ndiyo dunia hiyo. Akifa mtu maskini anaandikiwa kadi ya rambirambi; akifa samaki wa mkubwa, serikali inaamka.

Alianza na mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyemkamata mfagiaji jana alfajiri.

"Ulimwona akimwaga nini?"

"Nilimwona na ndoo, afande."

"Nimeuliza akimwaga."

"Mkono ulikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko."

"Ndoo ilikuwa na nini?"

"Sikuchungulia, afande. Harufu ile..."

"Kwa hiyo umemkamata mfagiaji kwa kosa la kushika ndoo."

Mlinzi alijikuna shingo. "Bwana Mkubwa alisema lazima mtu apatikane. Na mimi nina watoto, afande."

Pua aligeukia ukutani. "Shangazi, niazime hiyo chupa yako tupu."

Mama mmoja mgonjwa alimpa chupa ya plastiki. Pua alikunja mkono wa shati, akaichovya tangini, akafunga kifuniko, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mapovu machache yalitokea juu, yakapasuka, yakaisha. Maji yakabaki meupe vilevile.

"Sabuni gani hii isiyotoa povu?" aliuliza.

"Basi ni sumu," alisema Mkurugenzi papo hapo.

"Sumu gani, mkuu?"

"Mpelelezi ni wewe au mimi?"

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huyu alikuwa anatapatapa na tai shingoni. Pua alikuwa amepiga magoti, anaufuata waya uliotoka nyuma ya tangi, kwenye pampu ya chujio. Waya ulipita chini ya meza ukafika ukutani, na plagi yake ilikuwa imelala sakafuni kama mjusi mfu. Kwenye tundu la umeme palichomekwa birika la chai.

"Hili birika la nani?"

Sekretari alirekebisha miwani. "La ofisi. Ile mashine inanguruma, afande. Bwana Mkubwa akiwa na kikao tunaizima. Halafu kikiisha watu wanataka chai."

"Na baada ya chai nani anaiwasha?"

"Atakayekumbuka."

"Jana nani alikumbuka?"

Sekretari alimtazama mlinzi. Mlinzi aliitazama feni.

*

Mahabusu palinuka pia, lakini uvundo wa kituoni Pua alikuwa anaufahamu kama anavyofahamu viatu vyake. Mfagiaji alikuwa amekaa kwenye saruji, bado na sare yake ya kijani, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa mwanamke wa umri wa dada yake mkubwa.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Kiti hakuna. Kuna ndoo ile pembeni, lakini sikushauri."

"Pole, mama. Mkono wako ulikuwa unatafuta nini kwenye tangi la samaki?"

"Mizoga. Ungetaka nani aitoe? Wanaowapenda wale samaki hawawezi kuwagusa."

"Maji ulibadilisha?"

"Kila yakiwa meupe naambiwa mwaga yote. Namwaga yote. Sugua mawe kwa brashi. Nasugua. Osha sifongo la chujio kwa maji ya bomba mpaka litakate. Naosha. Najaza tangi upya, maji yanang'aa, wanapiga makofi. Kesho yake ukungu mweupe tena, wananitukana tena." Alijinyoosha akaguna. "Ningejua mgongo wangu ni wa kubebea samaki maji, ningezaliwa mto."

Pua alikaribia kucheka. "Ulikuwa unawalisha nini?"

"Mimi? Hata punje. Ndiyo sababu niko humu."

"Sijaelewa, mama."

"Siku tangi lilipoletwa, Bwana Mkubwa alitukusanya wote. Akasema, 'Anayewajali samaki hawa ndiye anayeijali kazi yake, na mimi nitakuwa natazama.' Basi! Toka siku hiyo wamekuwa kama watu waliopagawa. Mfamasia anakuja na kopo lake, anasimama pale, hamwagi. Anasubiri. Mlango wa Bwana Mkubwa ukifunguka tu, ndipo anawanyunyizia. Mwingine naye hivyo hivyo. Mimi sikuwa na chakula cha samaki wala cha kwangu. Kwa hiyo lilipotokea la kutokea wakaulizana, nani hapa hajawahi kuwalisha? Vidole vyote kwangu."

"Hukulisema hili walipokukamata?"

"Nimwambie nani? Mwenye nguvu mpishe, mnyonge msonge." Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, nisikilize. Binti yangu amejifungua juzi, hajaweza hata kusimama. Hana mama mwingine wa kumchemshia maji. Nikifungwa mimi kwa ajili ya samaki, yeye ataniuliza nilikuwa na akili gani, na sina jibu. Kama ni kukiri ili nitoke, niambie nikiri nini."

"Usikiri kitu," alisema Pua.

*

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa nyuma ya gereji, chumba chembamba chenye matangi ukutani kushoto na kulia. Maji ya humo yalikuwa safi kiasi kwamba samaki walionekana kama wanaelea hewani. Mwenye duka, kijana mnene ambaye mtaa mzima ulimwita Mapezi, alimwona Pua akaanza kufuta meza isiyo na vumbi.

"Uliwauzia wagonjwa?" aliuliza Pua.

"Wagonjwa wako hospitali, kaka, mimi nauza samaki."

"Usinichezee. Samaki uliowauza walikuwa wagonjwa?"

"Wazima wa afya! Ndugu zao hawa hapa, watazame."

Pua aliwatazama. Walikuwa wazima, wana haraka zao. "Sasa mbona kule maji meupe na hapa maji safi?"

Mapezi aliweka kitambaa chini. "Kwa sababu haya ni ya zamani, yale ni mapya. Tangi jipya ni kama nyumba isiyo na mfagiaji. Kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo hukaa kwenye mawe na kwenye sifongo la chujio, kazi yao kula uchafu wa samaki. Vinahitaji wiki kadhaa mpaka viwe vya kutosha. Kabla ya hapo, ukitia samaki wengi na chakula kingi, chakula kinaoza, vinazuka vijidudu vya aina nyingine, vinaelea kwenye maji, ndio huo weupe. Vinakula hewa yote, samaki wanakosa pumzi."

"Na ukimwaga maji yote ukasugua mawe?"

"Umewaua wafagiaji. Unaanza upya. Halafu maji ya bomba yana dawa, yanatakiwa yalale kwanza kwenye ndoo."

"Hayo ulimwambia Mkurugenzi?"

"Nilimwambia aanze na samaki wawili, asubiri. Akasema mgeni hawezi kuja kuangalia samaki wawili. Akataka wajae. Nikamwambia baba, watakufa. Akaniuliza, wewe unauza au unahubiri?"

"Ukafanya nini?"

Mapezi alitazama vidole vyake. "Nikauza."

"Na hiki je?" Pua aliokota kichupa cha bluu kaunta. Kiliandikwa dawa ya kung'arisha maji. "Walinunua?"

"Vingi."

"Inafanya kazi?"

"Kwangu inafanya."

Pua alikirudisha kichupa taratibu, kama kitu kilichookotwa chooni. "Sasa yale maji mtu ayafanyeje?"

"Ayaache! Atoe mizoga, avute uchafu wa chini kwa mpira, abadilishe maji kidogo tu, robo hivi. Pampu iwake usiku na mchana. Asilishe siku mbili, halafu alishe hivi." Aliingiza vidole viwili koponi, akatoa chembe zisizozidi chumvi ya yai moja, akazinyunyiza kwenye tangi la karibu. Samaki walizimaliza kabla hazijazama. "Yatatulia yenyewe. Shida ni kwamba mkubwa hawezi kuona kitu kinatulia chenyewe. Atasema nani kakiruhusu."

*

Aliporudi hospitali, ukumbi ulikuwa umepambwa riboni na vitambaa, na uvundo umeongezewa manukato ya kupulizia, ukawa kama maiti iliyovikwa nguo ya harusi. Pua alivua saa, akakunja shati mpaka begani, akaingiza mkono tangini.

Changarawe ilikuwa imefunikwa na kitu. Vidole vyake vilizama katika ute laini, wa uvuguvugu, uliovutika kama makamasi, na ndani yake mlikuwa na mabonge. Alikamata bonge moja akalitoa. Liliachia kijito cha kijivu mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko, ute ukamwagika sakafuni, na harufu iliyotoka ilimfanya mgonjwa mmoja ukutani akimbilie nje. Pua alilisogeza puani hata hivyo. Lilikuwa na uvundo wa kibiriti.

"Yai," alisema.

Alimwomba muuguzi beseni kubwa jeupe, akaliweka sakafuni mbele ya kila mtu, akaagiza wafanyakazi waitwe. Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akiangalia saa.

"Nimeambiwa hapa mnawapenda samaki," alisema Pua kwa upole. "Nataka kuandika hilo kwenye ripoti yangu. Nani alikuwa anawalisha?"

Mikono ilipanda kama ya watoto wa darasa la kwanza. Wote walimtazama Mkurugenzi, si Pua.

"Vizuri sana. Kila mmoja anionyeshe kiasi chake cha siku moja. Mweke humu."

Mfamasia alitangulia. Alitoa kopo mfukoni akamimina kiganja kizima. "Hiki cha asubuhi," alisema. Akamimina kingine. "Hiki cha mchana."

"Mimi asubuhi, mchana na jioni," alisema sekretari, akamsukuma kwa bega, akamwaga.

"Chakula cha dukani hakina nguvu," alisema mhasibu. "Mimi nawapa mkate." Akaufikicha mkate mzima kasoro ncha.

Mpishi wa hospitali alileta bakuli la wali uliopondwa. Mlinzi, aliyekuwa anatetemeka asije akaachwa nyuma, alitoa kipande cha andazi alichokuwa amekitunza kwenye kofia. Watu walibanana, wakapigana vikumbo, kila mmoja akapandisha kipimo kidogo juu ya mwenzake, na beseni likajaa.

Mkurugenzi alikuwa anatabasamu. Muda mrefu hakuwa ameona upendo kama huo.

"Na wewe mkuu?" aliuliza Pua. "Au wewe uliwaachia vijana?"

"Mimi!" Mkurugenzi alijigonga kifua. "Hakuna aliyewajali kama mimi. Yai la kuchemsha, kila siku. Wakati mwingine mawili. Kiini kinawatia rangi."

"Mayai unaleta kutoka nyumbani?"

"Nyumbani kwa nini? Yako jikoni hapa."

Mpishi aliinamisha kichwa. Ukutani, mwanamke mmoja mwenye kichanga alisema, si kwa sauti kubwa: "Wodi ya wazazi tuliambiwa mayai yameisha."

Kila mtu alimsikia. Pua akamwambia mpishi alete yai. Lililetwa. Akaliponda juu ya chungu ile ya chakula, akachukua jagi la maji safi, akamimina, akakoroga kwa mkono ule ule uliokuwa na ute.

Maji ya beseni yaligeuka meupe. Yalikuwa meupe kama ya mchele uliooshwa, mazito, yasiyoonyesha chini. Mtu alilitazama beseni, akalitazama tangi, akarudi kwenye beseni, na hakuhitaji kuambiwa.

"Hiyo ni siku moja," alisema Pua. "Na pampu imezimwa ili birika lichemke. Na wafagiaji wasioonekana mnawaua kila asubuhi kwa brashi. Mfagiaji anayeonekana mmemfunga."

Mtu wa kwanza kusogea mbali na beseni alikuwa mfamasia. Halafu mhasibu alisema yeye kwa kweli alilisha mara moja tu. Sekretari akasema aliagizwa. Dakika hiyo hiyo waliokuwa wakigombea kulisha walianza kugombea kutolisha.

Mkurugenzi alikuwa mwekundu wa macho. "Hiyo ni michezo ya kitoto. Mimi nasema ni sumu, na nimesema ni yule mwanamke. Mkuu wako wa kituo amenielewa. Wewe nani?"

"Mimi ni koplo tu, mkuu. Ukisema ni sumu, ni sumu." Pua alifuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ila sumu ina taratibu zake. Ukumbi huu kuanzia sasa ni eneo la tukio. Naufunga kwa utepe, mlango hata mlango, mpaka mkemia aje apime. Haingii mtu."

"Mgeni rasmi yuko njiani!"

"Nitamsimamisha nje ya utepe, nimweleze mwenyewe. Nitamweleza yote. Na mayai."

Mkurugenzi alitazama riboni, akatazama kitambaa mkononi mwa Pua, akameza mate, na kwa uvundo ule, kumeza kulikuwa kazi.

"Na kama si sumu?" aliuliza.

"Kama hakuna sumu hakuna kosa. Hakuna kosa, hakuna mtuhumiwa. Utatamka hapa mbele ya watu kwamba umeondoa malalamiko, namtuma dereva akamlete sasa hivi."

"Nimeondoa," alinong'ona Mkurugenzi.

"Kwa sauti, mkuu. Wa mwisho pale ukutani hajasikia."

"Nimeondoa!"

Dereva aliyenyoa ndevu aliondoka mbio.

Mfagiaji alipoingizwa ukumbini, sare yake ilikuwa na alama za saruji mgongoni. Hakutazama tangi. Mkurugenzi alimwendea kabla hajafika katikati, dekio mkononi, tabasamu limebandikwa.

"Haya, mama, yamekwisha, tusilaumiane. Shika hili, upesi upesi, ute wote huu sakafuni, mgeni amefika njia panda."

Mwanamke hakulipokea. Alimgeukia Pua. "Mwanangu, kesi ipo au haipo?"

"Haipo, mama."

"Nikitoka mlango ule hakuna atakayenishika?"

"Hakuna."

"Na zamu yangu?"

"Zamu yako uliimaliza mahabusu."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na bei. Akawapita mfamasia, mhasibu na sekretari, akafika ukutani kwenye foleni ya dirisha la daktari.

"Nani wa mwisho hapa?"

Mzee mmoja aliinua fimbo. Mfagiaji aliketi nyuma yake, taratibu, akishika kiuno. Mwanamke mwenye kichanga alimsogezea kanga ya kukalia.

"Wewe si mtu wa hapa?" aliuliza mzee.

"Leo nimekuja kutibiwa, baba. Mgongo. Wakimaliza kunitazama naenda kwa mwanangu, ana mtoto mchanga."

"Mama!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Nakuagiza!"

"Foleni, bwana mkubwa," alisema mzee. "Sisi wote tuna shida."

King'ora kilisikika barabarani, kikakaribia, kikanyamaza nje ya geti. Milango ya magari ilifunguka na kufungwa. Mkurugenzi alisimama katikati ya ukumbi, dekio mkononi, ute miguuni, akawageukia wafanyakazi wake mmoja mmoja.

Wote waliokuwa wakiwapenda samaki walikuwa wanatazama dari.